Nusu ya Pili ya Hadithi ya Paka

Shangazi yangu anakaa Bamburi, Mombasa, na kila akishakamua tui hubeba machicha ya nazi kwenye sinia na kuyamwaga juu ya ukuta wa uani. Tumbili huja. Hutangulia jike mmoja mwenye mtoto aliyemng'ang'ania tumboni, akatazama kulia na kushoto kama mtu anayetaka kuvuka barabara ya Malindi, kisha kundi lote likashuka. Shangazi huketi kibarazani na kikombe cha chai ya tangawizi, akawatazama mpaka wamalize. Anawajua mmoja mmoja. Kuna dume lililokatika ncha ya mkia analoliita Bwana Harusi.

Mwaka jana mmoja wao aliingia jikoni kwa dirisha, akakuta mahamri yamefunikwa kwa kawa. Kawa alilitupa kule. Mjukuu wa shangazi, wa miaka sita, akajaribu kuyaokoa mahamri yake na akatoka na mkono uliochanwa kwa meno. Ikawa mbio za hospitali, sindano, kisha sindano tena na tena kwa wiki kadhaa. Wiki iliyofuata nilipokwenda kumjulia hali mtoto, nikaliona sinia la machicha liko juu ya ukuta.

Nikamuuliza. Akanitazama kama vile mimi ndiye niliyeingia kwa dirisha.

"Mwanangu, yule mmoja alikosa adabu. Hawa wengine wana kosa gani? Na kila chenye roho ukikilisha, una thawabu. Wataka nife na dhambi ya kuwanyima?"

Sikumjibu. Mtu mzima akikutajia thawabu nawe umekalia kiti chake na unakunywa chai yake, kubishana naye ni utovu wa adabu uliopita ule wa tumbili. Lakini nimekaa na swali lake tangu siku ile, kwa sababu naliona ndilo swali zito kuliko yote katika jambo hili, na wanaotuhimiza tusiwalishe wanyamapori hulipita kando. Mabango yao yanasema na mtalii. Mtalii yuko hapa siku kumi, ana ndizi moja na simu ya kupigia picha. Anayelisha mwaka mzima ni mwenyeji, naye hatafuti picha. Analisha kwa sababu alilelewa akisikia habari za mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake na kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Ukimwambia mtu huyo kuwa kulisha ni kosa, umemgusa mahali ambapo bango halifiki.

Basi twende huko huko kwenye madrasa. Kila mtoto wa Mombasa aliyewahi kukalia jamvi la chuoni anaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Nusu ya kwanza tunaikumbuka sote: alimfungia, hakumpa chakula. Nusu ya pili husemwa haraka, maalim akiwa ameshaanza kufunga kitabu: wala hakumwacha ajilie mwenyewe vijidudu vya ardhini. Paka yule alikuwa na milango miwili ya riziki, mkono wa yule mwanamke au ardhi ya Mungu, na yote miwili alifungiwa. Mimi si mwanachuoni na sitoi fatwa. Lakini nikiisoma hadithi yote, sioni ikisema kwamba kila mnyama ni wa kulishwa na binadamu. Naona ikisema aliyefungwa alishwe, na asiyefungwa aachwe, na kwamba kumwacha ajitafutie ni haki yake sawa na kulishwa kwa yule mwingine.

Ukitaka kuuona mpaka huo kwa macho, uko hapo hapo Bamburi. Haller Park palikuwa shimo la machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu usioota hata nyasi, mpaka mwaka 1971 René Haller alipoanza kupanda mivinje na baadaye kuleta majongoo wayatafune majani makavu ili udongo upatikane. Leo ni msitu. Kwa saa maalumu twiga husogea na watoto wa shule huwalisha kwa viganja vyao, wakipiga kelele kila ule ulimi mrefu unapowagusa. Sina neno juu ya hilo. Twiga wale waliletwa na watu, hawana pa kwenda, na wana watu wenye kazi ya kuwatunza. Ni wale wa nusu ya kwanza ya hadithi. Ila hatua chache kutoka hapo, juu ya tawi, ameketi tumbili ambaye hakuletwa na mtu na hakuzungushiwa ua. Mtoto ametoka tu kuambiwa "nyoosha mkono, usiogope". Ananyoosha tena. Nani amemweleza kwamba hapo amevuka mpaka?

Sasa, tumbili akishalishwa kunatokea nini hasa? Watu husema "anazoea", na neno hilo linalificha jambo. Watafiti Robert Seyfarth na Dorothy Cheney waliwachunguza tumbili wa Amboseli, na matokeo waliyoyachapisha na mwenzao mwaka 1980 yalionyesha kuwa wanyama hawa wana mlio wa kuonya kuhusu chui, mlio mwingine wa tai, na mwingine wa nyoka, na kila mlio una mwitikio wake: wa chui hukimbilia mtini, wa tai hutazama juu, wa nyoka husimama wakachungulia nyasi. Kiumbe anayetenganisha hatari kwa namna hiyo hashindwi kutenganisha watu. Huyu hubeba mkoba wenye chakula, yule hana. Mwanamume hurusha jiwe, mtoto hakimbii mbali. Sauti ya mfuko anaijua, hata baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku nchini mwaka 2017 na sisi kuhamia ile ya kitambaa isiyopiga kelele sana. Anachojifunza kwa mkono wetu ni kwamba mwili wa binadamu ni mahali pa kutafutia chakula, kama vile mti ulivyo. Na mti haukatai. Siku binadamu akikataa, mnyama anaona kuna jambo halijakaa sawa, basi anatumia meno.

Hapo ndipo utetezi wa "mimi siwapi kila siku, ni mara mojamoja tu" unapoanguka. Mnyama anayepata kila mara, ukimnyima siku tatu nne mfululizo anaelewa kuwa duka limefungwa. Anayepata leo, kesho akose, keshokutwa apate, huyo haachi kamwe. Tazama vijana na kamari za simu. Kinachowashika si kushinda. Kama wangeshinda kila siku wangechoka. Kinachowashika ni ule ushindi mmoja wa Jumamosi iliyopita. Mlishaji wa mara mojamoja humtengeneza tumbili mcheza kamari, na mahali anapokwenda kubahatisha ni kwenye meza ya mtu mwingine.

Hilo la mtu mwingine ndilo linalonikera kuliko yote. Wahenga walisema ukicheka na nyani utavuna mabua, na methali ile ilikuwa na haki ndani yake, kwa sababu anayecheka ndiye mwenye shamba, na mabua ni yake. Mjini hesabu imevurugika. Anayecheka yuko kwenye kibaraza chenye grili, au kwenye roshani ya hoteli, na anayevuna mabua ni mama mwenye kibanda cha ndizi Bombolulu, ambaye hakumlisha mtu wala mnyama na ambaye mkungu mmoja ukiliwa ndio faida ya siku imekwenda. Ni mtoto wa shule aliyeshika andazi mkononi njiani. Ni mlinzi wa usiku anayeambiwa na tajiri wake awafukuze tumbili mbele, huku nyuma ya nyumba watoto wa tajiri wanawarushia biskuti. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka viwango vya fidia, shilingi 5,000,000 kwa kifo na 3,000,000 kwa ulemavu wa kudumu, lakini viwango hivyo viliandikwa na mtu aliyekuwa akimfikiria tembo na simba. Sijui mwenye kibanda ambaye angefunga kazi siku mbili ajaze fomu kwa ajili ya mkungu.

Na mwisho wa hadithi hii kwa mnyama mwenyewe huwa mbaya. Akishauma watu wawili watatu, anaitwa "tumbili tatizo". Watu wanaanza kuweka sumu kwenye maembe, au kutuma vijana na manati, au wanapiga simu KWS, shirika la serikali la wanyamapori, waje na mtego. Kumhamisha kunasikika kama huruma, lakini anapopelekwa kuna tumbili wenye mipaka yao, nao hawamkaribishi mgeni. Alikotoka, sinia la machicha likibaki juu ya ukuta, kundi la jirani linahamia.

(Ukiumwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipake mafuta ya taa wala kahawa. Kichaa cha mbwa kwa sehemu kubwa kabisa tunakipata kwa mbwa, lakini mnyama yeyote anyonyeshaye anaweza kuwa nacho, na dalili zikishaanza kwa mtu karibu hakuna anayepona.)

Wapo wanaoumia kwa kulishwa hata bila kumuuma mtu. Mbega wa Diani, wale weusi wenye mabega meupe wanaopita juu ya barabara kwa ngazi za kamba walizotundikiwa, tumbo lao limegawanyika vyumba vyumba na limejaa bakteria wa kuchachusha majani. Mpe ndizi mbivu au mkate, sukari ikichacha mle ndani inaweza kumuua. Komba naye ameingia hata kwenye lugha, tunasema mtu kalewa kama komba, kwa kuwa wagema wanajua anavyopanda mnazi kudokoa tembo kwenye kibuyu. Kuna hoteli huku pwani ambazo humwekea ndizi wakati wa chakula cha jioni ili wageni wamtazame yale macho. Riziki yake ni wadudu na matunda ya mwituni. Wadudu hao wasipoliwa wanabaki bustanini, halafu hoteli ile ile inanunua dawa ya kunyunyiza.

Baharini ni hivyo hivyo, ila huko kuna njaa ya watu ndani yake na si vyema kuhukumu haraka. Hifadhi ya bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986. Ukipanda mashua yenye sakafu ya kioo kutoka ufuo wa Jomo Kenyatta, mgeni aliyelipa anataka kuona samaki, na nahodha mwenye mkate ana hakika ya samaki. Vipande vinatupwa, maji yanachemka kwa samaki wenye mistari, mgeni anafurahi, bakshishi inatoka. Ndani ya hifadhi za KWS kulisha wanyama ni marufuku, na manahodha wanalijua hilo kuliko mimi. Wanachokijua pia ni kwamba jirani yake akiwa na mkate na yeye hana, wageni watapanda kwa jirani. Wakati huo huo samaki wapole wanasukumwa kando na wale wakorofi wa mkate, na pono na tasi, ambao kazi yao ni kula mwani unaoota juu ya matumbawe, wakizoea unga wa ngano wanapunguza kazi. Mwani haupungui. Lawama zangu hapa ziko zaidi kwa anayeuza safari akimwahidi mgeni samaki mia kwa dakika kumi.

Sasa nije kwa kunguru, maana huyu ndiye anayetuumbua.

Tunasema kunguru hafugiki. Waliolisema neno hilo walimjua kunguru wa kwetu, mweusi mwenye kifua cheupe. Huyu mwenye shingo ya kijivu anayetembea juu ya meza ya mkahawa ni mgeni kutoka Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kwa kazi maalumu: ale takataka za mji. Mombasa aliandikwa kuonekana mara ya kwanza mwaka 1947. Yaani tangu mwanzo alikuwa mradi wa usafi wa bei nafuu, watu wazima waliokaa wakaamua kwamba badala ya kuzoa taka watamleta ndege azile. Akazila. Zilipokuwa nyingi akazaana, na zilipopungua kidogo akageukia mayai na makinda ya mnana na chozi, na vifaranga vya kuku wa mama zetu Kisauni.

Ndege huyu hana pori. Popote anapojulikana duniani anaishi na binadamu, wala hakuna kundi linalofahamika linalojitegemea porini. Kwa hiyo idadi yake ni kipimo cha uchafu wetu, kama vile kijiti cha mafuta kinavyopima injini. Simama soko la Kongowea wakati wachuuzi wanatupa mboga zilizooza, au popote matumbo ya samaki yanapomwagwa. Nenda Mama Ngina, kando ya bahari, jioni ya Jumapili, familia zinakula muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu ndani ya magari, karatasi zinatoka kwa dirisha, na kunguru wako juu ya mibuyu wakisubiri. Hakuna hata mmoja pale atakayekiri kwamba analisha wanyama. Ukimuuliza atakuonyesha mtalii.

Mwaka 2024 KWS ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja kabla ya mwaka huo kwisha, kwa sumu iitwayo Starlicide. Si mara ya kwanza. Zaidi ya miaka 20 iliyopita sumu hiyo hiyo ilitumika hapa pwani, kunguru wakapungua, kisha uagizaji wake ukazuiwa, nao wakarudi. Zanzibar waliwapunguza sana miaka ya 1990, juhudi ziliposimama ikawa hivyo hivyo. Siipingi sumu kwa huruma ya kunguru, na wataalamu wanaeleza kuwa huvunjikavunjika mwilini mwa ndege huyo kwa saa chache, hivyo hatari kwa anayemla mzoga ni ndogo. Ninachokiona ni namna inavyotumika. Huwezi kuiweka tu. Lazima kwanza uwape nyama safi isiyo na kitu, siku baada ya siku mahali pamoja, mpaka wakuamini na kuja kwa wingi, ndipo siku moja nyama inakuwa na dawa. Maafisa wenyewe walilieleza hilo waziwazi. Kumlisha kiumbe huru ndiyo njia ya mtego. Mvuvi na ndoano yake anajua, na mtega njiwa anajua. Sisi tunaofanya hatua ya kwanza peke yake, kila siku, kwa moyo mweupe, hatujui ni nani atakuja kufanya ya pili.

Na wakishakufa hao milioni, matumbo ya samaki bado yako pale pale. Katiba ya 2010 iliiweka kazi ya kuzoa taka mikononi mwa kaunti, kwa hiyo hatuna haja ya kutafuta Nairobi wa kumlaumu. Jaa la Kibarani, lililokuwa likitukaribisha kisiwani kwa harufu, lilifungwa na pakapandwa miti. Ilikuwa kazi nzuri na nakiri hivyo kila nikipita. Kunguru hawakufungwa nalo. Wamesambaa kufuata majaa madogo ya mitaani, yale yasiyo na jina wala mwenyewe, ambayo kila mtu anasema yalianzishwa na jirani. Pesa za sumu hupatikana kwa sababu sumu ina tarehe ya kuanza na picha za gazetini. Lori la taka linalopita kila Jumanne na Ijumaa bila kukosa halina picha.

Kuna paka sijawataja. Paka wa Mji wa Kale wananitatiza, kwa sababu hawako nusu ya kwanza wala ya pili. Si wa mtu, na si wa porini. Ni watoto wa wale tuliowafuga wenyewe na kuwaacha. Nadhani hao tunawiwa nao. Mwekee paka chakula mlangoni pako, kiasi atakachokimaliza, kisha ondoa sahani. Ukiiacha usiku kucha, unayemlisha ni panya, na alfajiri ni kunguru.

Kwa shangazi nilirudi mwezi uliopita. Sikumwambia kuhusu bakteria wala Amboseli. Nilimsimulia hadithi ya paka, yote, polepole, nikasimama kwenye ile nusu ya pili. Akanyamaza. Akasema maalim wake, Mungu amrehemu, aliisoma hivyo hivyo, na kwamba hakuwahi kuifikiria kwa upande wa Bwana Harusi. Tukanunua pipa la plastiki lenye kifuniko, machicha yanaingia humo na jioni kijana wa jirani huyachukua kuwapa kuku wake, waliofungwa bandani. Dirisha la jikoni tumelitia wavu wa chuma. Tumbili waliendelea kuja ukutani kwa wiki mbili hivi, wakimtazama shangazi, naye akiwatazama, akisema anaona haya. Siku hizi wanapita juu ya miti bila kushuka.

Juu ya kifuniko cha pipa ameweka jiwe lake la kusagia, ili kisifunuliwe. Jana kanipigia simu kuniambia kuna kunguru wawili wamesimama juu ya jiwe tangu asubuhi.